Tukipunguza omena katika chakula cha ngege, tuweke nini mahali pake?

Mfugaji wa Nyando (swali)

Wafugaji wenzangu, nawasalimu kutoka Ahero. Nina mabwawa matatu ya mita za mraba 300 kila moja, ya ukubwa ule ule uliochimbwa kote nchini katika mpango wa serikali wa kuinua uchumi ulioanza mwaka 2009, na katika kila bwawa nimetia vifaranga 1,000 vya ngege, yaani tilapia. Chakula najitengenezea mwenyewe kwa omena (dagaa wa Ziwa Victoria) iliyosagwa, pumba za mchele kutoka vinu vya hapa kwetu, na unga wa mahindi kidogo. Kinachonishinda ni omena. Uvuvi wake unapofungwa, ambako kwa desturi ni kuanzia Aprili hadi Julai, bei hupanda hadi hesabu yote ya bwawa ikavurugika. Na hata uvuvi ukifunguliwa, magunia ninayoletewa huwa na mchanga mwingi kiasi kwamba sijui ninanunua samaki au ninanunua ufuo.

Zaidi ya bei, kuna jambo linalonikera moyoni. Omena ndiyo kitoweo cha watu wengi wa hapa, hasa wale ambao hawawezi kumudu nyama wala samaki mkubwa, nami sioni vyema kuisaga ili nilishe samaki atakayeishia kwenye sahani ya hoteli mjini.

Nimesikia sifa za mabuu wa nzi askari mweusi, soya, mashudu ya pamba na ya alizeti, damu ya kichinjio, azola (mmea mdogo unaoelea majini), hata gugu maji. Kila muuzaji husifia chake. Je, ngege anaweza kukua vizuri bila omena kabisa? Kama hawezi, niipunguze hadi wapi, na nianze na kiungo gani? Naomba majibu yenye sababu ndani yake, kwa maana kipimo kisicho na sababu hakinifai siku kiungo kimoja kikikosekana sokoni.

Mtaalamu wa Lishe, Kisumu

Ndugu yangu, umefanya vyema kudai sababu, kwa hiyo nitaanzia hapo.

Ngege hahitaji omena. Anahitaji vilivyomo ndani ya omena. Kwanza kuna protini yenyewe, ambayo katika omena safi na kavu hukaribia asilimia 60. Pili, na hili ndilo kubwa, protini hiyo imepangika vizuri: ina asidi amino zote ambazo samaki hawezi kujiundia, hasa laisini na methionini, kwa uwiano unaokaribia ule wa mwili wa samaki mwenyewe. Ukimpa ngege protini nyingi iliyopungukiwa na methionini, anakuwa kama fundi mwenye rundo la matofali ilhali saruji imekwisha: ukuta husimama pale saruji ilipoishia, na matofali yaliyobaki hayana kazi. Kwa samaki, hayo yaliyobaki huchomwa mwilini na kutolewa majini kama amonia, yaani umelipia protini ili uchafue bwawa lako. Tatu, omena ina fosforasi ambayo samaki huimeng'enya kwa urahisi. Nne, ina mafuta na harufu inayomvuta samaki ale.

Kwa hiyo kila unapopunguza omena, jiulize ni kipi kati ya hivyo vinne kimeondoka, na nani atakirudisha.

Habari njema ni kwamba ngege ni miongoni mwa samaki wenye nafuu kubwa katika jambo hili. Kwa asili yeye hula mwani, majani laini na vijidudu vya majini. Utumbo wake ni mrefu na unamudu vyakula vya mimea kuliko samaki wawindaji kama mbuta (sangara). Vifaranga wadogo kabisa wanahitaji chakula chenye protini ya asilimia 40 au zaidi, lakini akishavuka ukubwa wa kidole na kuendelea kunenepa, asilimia 28 hadi 32 zinamtosha. Laisini inayohitajika ni takriban asilimia 5 ya hiyo protini, na methionini pamoja na sistini, asidi amino ya jamii yake, takriban asilimia 3.2. Ukishika nambari hizo mbili, unaweza kukipima kiungo chochote utakacholetewa.

Soya, kwa mfano, ina laisini ya kutosha, bali methionini yake ni pungufu. Mashudu ya soya huwa na protini ya asilimia 44 au zaidi kidogo, na ndiyo mbadala unaoaminika kuliko yote kwa wingi na kwa utulivu wa ubora wake. Lakini soya mbichi ina vizuizi vya tripsini, kimeng'enya kinachovunja protini tumboni. Samaki aliyelishwa soya mbichi hula na hanenepi. Joto ndilo linaloviua vizuizi hivyo, kwa hiyo ukinunua maharagwe ya soya badala ya mashudu ya kiwandani, yachemshe vizuri kwa nusu saa baada ya kuyaloweka, au yakaange hadi ganda lipasuke na ile harufu ya ubichi iishe kabisa. Vunja punje moja uionje: ikiwa bado ina ladha ya ubichi, rudisha sufuria motoni. Kumbuka pia kwamba fosforasi ya soya na ya pumba imefungwa ndani ya faiteti, kemikali ya mbegu ambayo ngege hawezi kuifungua, na ndiyo maana anayetumia mimea kwa wingi huongeza DCP, unga wa madini ya fosforasi na kalisi (kalsiamu), ile ile inayouzwa kwenye maduka ya mifugo, kwa kiasi cha asilimia 1 hadi 2 ya mchanganyiko.

Kuhusu mchanga wa omena, usimwamini mtu. Chukua konzi moja ya omena iliyosagwa, itie katika gilasi ya maji, koroga, kisha uiache itulie. Omena itabaki ikielea au ikisimama katikati, na mchanga utakaa chini ukiuona kwa macho. Gilasi yenye tabaka nene la mchanga inakwambia kwamba ile asilimia 60 uliyodhani unayo haipo, na kwamba huenda umekuwa ukilisha chini ya kiwango wakati wote huo bila kujua.

Mama Mabuu, Busia

Mzee wa Nyando, mimi nafuga nzi askari weusi, nami napenda ujue mazuri yao na mipaka yao, kwa sababu hasara hutokea pale wafugaji wanapoahidiwa mazuri peke yake.

Nzi huyu si yule wa jikoni. Akishakuwa mzima hahitaji chakula, hatui kwenye sahani, wala hajulikani kwa kueneza magonjwa kama nzi wa nyumbani. Jike hutaga mayai yake kwenye nyufa kavu zilizo karibu na chakula kinachooza, ndiyo maana sisi humwekea vipande vya mbao vilivyofungwa pamoja na kuachiwa nafasi ndogo katikati, au maboksi ya katoni yenye mifereji. Mayai huanguliwa baada ya siku kama 4, na mabuu hula kwa muda wa wiki mbili hivi kabla ya kuanza kugeuka rangi na kutafuta mahali pakavu pa kujificha. Wavune wakiwa bado weupe wa maziwa. Wakishakuwa weusi, ganda limekwisha kuwa gumu na samaki hulimeng'enya kwa shida.

Mabuu waliokaushwa wana protini ya takriban asilimia 40 na mafuta yanayoweza kufika asilimia 30 au kupita. Hayo mafuta ndiyo mpaka wa kwanza. Ukiyatia mengi, tembe za chakula hazishikani, zinavunjika majini, na chakula kikikaa ghalani kinaanza kunuka mafuta yaliyochacha. Wanaokamua mafuta kwanza hupata unga wenye protini inayopita asilimia 50, nao unaweza kutumika kwa wingi zaidi. Mpaka wa pili ni methionini, ambayo kwao pia ni pungufu ukilinganisha na omena, kwa hiyo mabuu na soya hawafichiani aibu hiyo. Lazima kitu cha tatu kiingie. Mpaka wa tatu ni unachowalisha. Mabuu hukusanya madini mazito, hasa kadimiamu, kutoka katika takataka walizokulia. Mimi nachukua mabaki ya mboga na matunda kutoka sokoni na machicha ya bia, sichukui taka za gereji wala za jaa la mji, na ningemwomba kila anayenunua mabuu amuulize muuzaji swali hilo kabla ya kuuliza bei.

Biashara hii si ya kujificha. Shirika la Viwango la Kenya lilitoa mwaka 2017 viwango vya wadudu waliokaushwa kwa ajili ya chakula cha mifugo, taasisi ya utafiti wa wadudu ya ICIPE iliyo na kituo chake Mbita imefundisha watu ufugaji wa nzi hawa, na Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo kina kituo kinachoshughulikia wadudu kama chakula cha watu na cha mifugo. Aliye upande wetu huu wa ziwa hana haja ya kusafiri hadi Nairobi kutafuta ujuzi.

Mkulima wa Pamba na Samaki, Homa Bay

Naongeza machache juu ya mashudu. Ya pamba yana gosipoli, sumu ambayo pia huishika laisini isimfikie samaki. Usipite kiasi cha kumi katika mia, na usiwape kabisa samaki wazazi, kwa kuwa huharibu uzazi. Ya alizeti hayana sumu, ila yakikamuliwa pamoja na maganda huwa na nyuzinyuzi nyingi sana. Uzuri wake ni kwamba protini ya alizeti ina methionini nzuri, kwa hiyo yakichanganywa na soya yanazibiana pengo. Gugu maji achana nalo kama chanzo cha protini: ni maji matupu na nyuzinyuzi, na hunyonya uchafu wote wa ghuba. Azola inafaa kutupwa mbichi bwawani kama nyongeza, basi.

Mfugaji wa Nyando

Nawashukuru nyote, na hasa Mama kwa kutaja mipaka. Nimeufanya mtihani wa gilasi na nimeona mchanga kwa macho yangu, sasa naelewa kwa nini ngege wangu wa bwawa la tatu wamedumaa.

Nina maswali mawili. Jirani yangu ananiambia nitumie ochonga badala ya omena kwa kuwa watu hawaigombanii sana, na mwingine anasema ninunue mifupa ya mbuta iliyobaki viwandani na kuisaga. Je, hizo si njia nyepesi zaidi kuliko kufuga nzi? Pili, mtaalamu, naomba unionyeshe mchanganyiko mmoja kwa hesabu yake kamili.

Mtaalamu wa Lishe, Kisumu

Ochonga, yaani wale kamba wadogo wa ziwani wanaonaswa pamoja na omena, ni kiungo kizuri sana. Protini yake hukaribia ile ya omena na asidi amino zake zimekaa vizuri. Watafiti wa hapa Kenya wameitumia kwa miaka mingi katika chakula cha ngege. Lakini inatoka katika ziwa lile lile na katika nyavu zile zile, kwa hiyo uvuvi wa omena ukifungwa nayo inakosekana, na tatizo lako la Aprili linabaki palepale. Itumie ukiipata, usiijengee mpango wako wote.

Mabaki ya mbuta hapa mjini si takataka. Mgongo wazi, yaani mifupa iliyobaki baada ya minofu kuondolewa, una soko lake, mtaa wa Obunga unajulikana kwa kazi hiyo, na kuna familia nyingi ambazo hicho ndicho kitoweo chao cha jioni. Ukiingia sokoni kuugombea kwa ajili ya bwawa, umelirudia lile lile lililokuudhi kuhusu omena. Tena, kwa lishe, mgongo ni mfupa mwingi kuliko nyama, kwa hiyo unga wake una majivu mengi na protini ndogo. Faida yake ya kweli ni fosforasi na kalisi, na hizo unazipata kwenye DCP kwa gharama nafuu.

Damu ya kichinjio ingefaa kutajwa pia, kwa kuwa ikichemshwa na kukaushwa hupita asilimia 80 za protini na ina laisini tele. Hata hivyo ina upungufu mkubwa wa isolusini, asidi amino nyingine ya lazima, na samaki hawaipendi ikizidi. Kilo 5 katika 100 ndizo mwisho.

Sasa hesabu. Huu ni mchanganyiko wa kilo 100 kwa ngege wa kunenepesha aliye bwawani. Weka mashudu ya soya kilo 35, ambayo kwa asilimia 44 yanakupa protini kilo 15.4. Mabuu wakavu wasiokamuliwa mafuta kilo 20, kwa asilimia 40, wanakupa kilo 8. Omena safi kilo 5, tuihesabu kwa asilimia 55 ili tusijidanganye, inakupa kilo 2.75. Pumba laini za mchele kilo 25, kwa asilimia 12, ni kilo 3. Pumba za ngano kilo 10, kwa asilimia 15, ni kilo 1.5. Unga wa muhogo kilo 3 haukuletei protini ya kuhesabika, lakini ukiupika uji mzito kwanza ndio utakaoshikanisha tembe. Zinazobaki kilo 2 ni DCP pamoja na mchanganyiko wa vitamini na madini. Jumla ya protini ni kilo 30.65, nawe ulikuwa unatafuta 30.

Umeona kwamba omena imebaki kilo 5. Sikuiacha kwa woga. Kiasi hicho kidogo kinaleta harufu inayomvuta samaki, na kinasaidia kuziba lile pengo la methionini ambalo soya na mabuu wote wanalo. Nikipiga hesabu ya methionini na sistini kwa mchanganyiko huu wote, inafika karibu sana na kiwango kinachotakiwa bila kukifikia kwa usalama. Kwa hiyo ongeza gramu 100 za methionini ya dukani, ile wanayonunua wafugaji wa kuku, na ukikosa omena kabisa ongeza gramu nyingine kama hizo huku ukiweka soya zaidi kidogo mahali pa omena. Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la kwanza: ndiyo, ngege wa kunenepesha anaweza kukua bila omena, mradi tu umerudisha kilichoondoka nayo. Kwa vifaranga wadogo nisingekushauri hivyo. Wao hula kidogo sana kwa jumla, kwa hiyo hiyo omena chache uliyo nayo waachie wao.

Usiongeze mabuu wasiokamuliwa kupita hizo kilo 20. Mafuta yao, pamoja na ya pumba za mchele, tayari yanaufikisha mchanganyiko kwenye ukingo.

Mwenye Vizimba, Usenge

Naomba kuingiza tahadhari kwa wanaosoma hapa wakiwa na vizimba ziwani kama mimi. Bwawa la udongo lenye maji ya kijani lina chakula chake, na ngege wa Ahero anachuma mwani na vijidudu mchana kutwa, hivi kwamba chakula chenye upungufu mdogo hufidiwa na bwawa lenyewe. Kizimbani hakuna fidia hiyo. Samaki wamesongamana na kila kirutubisho kinatoka mkononi mwa mfugaji, kwa hiyo upungufu wa vitamini C au wa methionini ambao kwa mwenye bwawa haungeonekana, kwetu hutokea kama samaki waliopinda mgongo na wanaokufa ovyo. Tena tembe za kuzama zinazotengenezwa kwa mashine ya kusagia nyama hupita chini ya wavu kabla hazijaliwa. Mchanganyiko uliotolewa hapa ni wa bwawani.

Na kwa Mzee wa Nyando: ingiza mkono wako bwawani hadi kwenye kiwiko. Kiganja kikipotea machoni maji yakiwa karibu na kiwiko, bwawa lako limerutubika vya kutosha na unaweza kuanza kupunguza omena kwa utulivu. Ukikiona kiganja waziwazi, tia samadi kwanza, kisha ndipo ufikirie chakula.

Mama Kambale, Vihiga

Wanaofuga kambale nao wasichukue hesabu hii kama ilivyo. Kambale anataka protini ya asilimia 35 hadi 40 na hapendi mimea ikizidi. Lakini mabuu anawapenda kuliko ngege anavyowapenda. Wangu nawapa wabichi jioni juu ya chakula cha kawaida. Nawatenga wakubwa na wadogo, kwa sababu kambale mwenye njaa humla mwenzake, na chakula kipya kisichompendeza humfanya awe na njaa.

Mfugaji wa Nyando

Nimeridhika. Nitalilisha bwawa moja kwa mchanganyiko wa mtaalamu, la pili liendelee na chakula changu cha zamani, ili nione tofauti. Nahofia jambo moja tu: mchanganyiko mpya unaweza kugharimu zaidi kwa kilo, kwa kuwa soya na mabuu si rahisi kama pumba. Na kama mabuu nitawanunua kwa wingi, nitawahifadhi vipi katika mvua hizi zetu?

Mtaalamu wa Lishe, Kisumu

Usipime bei ya chakula kwa kilo ya chakula. Ipime kwa kilo ya samaki. Chukulia chakula kimoja kinauzwa shilingi 90 kwa kilo na kinahitaji kilo 2.4 kuzalisha kilo moja ya ngege: umetumia shilingi 216. Kingine ni shilingi 120 kwa kilo, lakini kilo 1.6 zinatosha: umetumia 192. Kile kilichoonekana ghali ndicho kilichokupunguzia gharama. Ili uipate nambari hiyo, andika kila siku kiasi ulicholisha katika kila bwawa, na kila baada ya wiki mbili vua ngege 30 hivi bila kuchagua, wapime kwa pamoja katika ndoo yenye maji, kisha uwarudishe, yote hayo asubuhi kabla jua halijawa kali. Ulinganishe bwawa na bwawa lililo sawa nalo kwa umri na idadi ya samaki, na lile la tatu lenye samaki waliodumaa usilihesabu.

Mama Mabuu, Busia

Kuhusu uhifadhi nijibu mimi. Wachovye mabuu katika maji yanayochemka kwa dakika chache ili wafe kwa haraka na wasafike, wachuje, kisha waanike kwenye turubai lililoinuliwa juu ya meza ya waya, si chini. Wakati wa mvua tumia kikaushio cha jua chenye karatasi ya nailoni, na uwageuze mara kwa mara. Buu aliyekauka sawasawa hukatika ukimvunja kwa vidole; akipinda tu, bado ana maji na ataota ukungu ndani ya gunia. Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta. Nunua wanaokutosha kwa mwezi mmoja, kwa kuwa yale mafuta huchacha, na uwasage siku ile ile unayochanganya.